Waya umekatikia shingoni

Swahiba wangu,

Salaam. Huku wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, na kadhalika na kadhalika. Salamu nyingine jijazie mwenyewe, nina jambo. Najua nimekaa kimya tangu harusi ya binamu yako. Hilo nitakuomba radhi tukikutana. Leo naandika kwa sababu ya baiskeli.

Juzijuzi usiku natoka kwa Mzee, nakata kona kali, taa ya mbele ikazima pu! Papo hapo ile ndogo ya nyuma ikawaka kama ina hasira, barabara nzima nyekundu, halafu nayo ikakata. Nikashuka nikakokota. Asubuhi ndipo nilipoelewa. Waya ulikuwa umekatikia shingoni, pale usukani unapogeukia. Uliukaza, bwana! Umevutika kama uzi wa zeze. Na ile dainamo inayozalisha umeme wa taa ni ya volti 6, wati 3: 2.4 za mbele, 0.6 za nyuma. Mbele kukikatika, kiglobu cha nyuma kinabebeshwa mzigo wote peke yake. Masikini, hakikudumu hata nusu dakika.

Sikulaumu. (Nakulaumu kidogo.) Kwa macho ilikuwa kazi safi, hata shemeji aliisifu.

Basi nimevua waya wote, nimeanza upya. Mara ya kwanza nikajifanya mjanja, nikauzungushia kwenye waya wa breki ya nyuma, mzunguko baada ya mzunguko, ukapendeza kama mzabibu. Kumbe pale katikati ya fremu waya wa breki hauna ganda, ni ule uzi wa chuma mtupu unaokwenda na kurudi kila ukibana. Siku mbili tu plastiki imelika, shaba inanichungulia. Kuzungushia ni sawa, lakini juu ya ganda, si juu ya uzi.

Sasa nimeupitisha chini ya bomba la chini, upande unaotazama ardhi. Kutoka dainamo unafuata mguu wa fremu, unapita mbali na mnyororo na pedali, unapanda hadi shingoni, na hapo nimeuachia tao la kutosha kabla haujashuka kwenye uma. Kibano cha mwisho, vile vya plastiki vya kufungia waya, sikukikaza mpaka nilipougeuza usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho. Hatua hiyo ndiyo uliyoiruka wewe. Tao likiwa dogo waya unakatika. Likiwa kubwa linaning'inia, na siku moja litakamatwa na spoki. Mikia ya vibano nayo nimeikata hadi mzizi, maana wa kwanza ulinichana muundi.

Waya wa nyuma haukunisumbua. Ukingo wa madigadi umekunjwa kwa ndani, nikaulaza humo, huuoni hata uiname.

Halafu kuna lile bishano letu la zamani. Wewe ulitumia waya mmoja, umeme ukarudi kwa fremu. Sikatai, unafanya kazi, ile skrubu yenye ncha inatoboa rangi na kushika chuma. Lakini umeme wa taa ya mbele lazima urudi kupitia beringi za shingo, na zile zimejaa grisi! Ndiyo maana taa ilikuwa ikikonyeza kila nikipita kwenye mashimo, na wewe ukaniambia ni globu. Mimi nimeweka nyuzi mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Si lazima ziwe nene, huo umeme ni nusu ampea tu.

Ila nikupe la kunicheka. Kwenye taa ya mbele nilizibadilisha, wa kwenda nikaufunga kwenye mwili wa taa. Mwili wa taa umeshika fremu, na mwili wa dainamo pia umeshika fremu. Shoti tupu. Nikazungusha gurudumu, kimya. Nikafungua dainamo, nikasafisha, nikailaani, jioni nzima imekwisha. Mtoto wa dada ndiye aliyeniuliza, "Mjomba, mbona hii imekaa hapa na ile kule imekaa vile?" Nikamtuma maji ya kunywa nipate kuzigeuza bila shahidi.

Hilo usimwambie Mzee.

Sasa niambie: ule waya wako uliobaki bado unao, au umeufanya kamba ya nguo? Kale kaduara ka mpira kanakozuia waya usisuguliwe na tundu la madigadi ulikatoa wapi? Maungio ya nyuma niyalehemu kwa risasi au kusokota na tepu kutatosha mvua zikianza? Na baiskeli yako je, umeikagua shingo? Maana ni mkono ule ule uliofunga zote mbili. Geuza usukani leo leo uniandikie.

Mimi wako, wa gizani