Hiyo "ongeza kinga" si ya kila mtu

Mhariri, salamu na pole na kazi.

Naandika kuhusu yale matangazo ya dawa za unga za kuongeza kinga mnayoyatoa ukurasa mzima, eti "inafaa kwa kila mtu, haina madhara". Hapo kwenye kila mtu ndo pananikera. Shemeji yangu anaishi na figo ya kaka yake, na kila siku anameza dawa za kuishusha kinga ili mwili usiikatae hiyo figo, asubuhi na jioni, alamu ya simu ikilia hata kama tuko msibani anatoka nje anameza. Sasa mtu anamletea kopo la hiyo kitu kwa mapenzi mema kabisa, kaisoma kwenu.

Wengi hawajui hizo dawa zinafanyaje kazi. Kwenye damu kuna seli nyeupe zinaitwa seli T, zikigusa kitu kigeni kama figo ya mtu mwingine, kalsiamu inajaa ndani ya seli na inaamsha enzaimu moja inaitwa kalsinyurini. Hii inang'oa fosfeti kwenye protini fulani iliyokuwa imekaa tu, protini inaingia kwenye kiini cha seli, inawasha jeni ya interlukini 2, yaani ujumbe wa kemikali ambao seli hutumiana, na hiyo ndo amri ya kuzaliana, seli moja inakuwa jeshi. Takrolimasi anayomeza shemeji inaiziba kalsinyurini, basi, amri haitoki. Cha ajabu siklosporini, dawa ya mwanzo ya aina hii, iliruhusiwa Marekani 1983, lakini kwamba inapiga enzaimu hii ilikuja kujulikana 1991! Na zote mbili zilitoka kwenye vijidudu vya udongoni, siklosporini Norway, takrolimasi Tsukuba kule Japani.

Kwa hiyo hiyo unga ikiwa kweli inaongeza kinga, inapigana na dawa yake. Na isipoongeza chochote (mi nadhani nyingi ndo hivyo) bado hatujapona, maana takrolimasi inavunjwavunjwa kwenye utumbo na ini, na mitishamba mingine inaharakisha kuvunjwa huko, dawa inapungua kwenye damu na mwili unaikataa figo. Balungi linafanya kinyume, dawa inapanda, na ikizidi inaiumiza figo ileile tunayoilinda. Ndo maana siku ya kliniki haruhusiwi kumeza dozi ya asubuhi mpaka atolewe damu kwanza, waone kiwango kilichobaki, na wakati mwingine wanambadilishia dozi kwa nusu miligramu tu. Nusu miligramu mhariri, halafu nyie mnasema kijiko kimoja cha chakula kutwa mara tatu.

Na hawa wagonjwa si wale wa kupandikizwa India tu kama zamani, Muhimbili walianza kupandikiza figo 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma 2018, wasomaji wenu hao.

Sisemi mkatae hela za matangazo, najua gazeti linaendeshwaje. Naomba vitu viwili, hayo maneno "kila mtu" yatoke, na iandikwe kwa herufi zinazosomeka, si zile za kutafutia miwani, kwamba aliyepandikizwa kiungo asiguse kabla ya kuongea na daktari wake. Pia mtafuteni mfamasia wa kliniki ya figo mumpe nafasi ajibu maswali ya wasomaji, mimi la kwangu la kwanza ni mlonge, maana nyumbani umeshaletwa.

Msomaji wenu, Dar es Salaam