Shoga, kichupa usikifungue bado

Wete, Alkhamisi usiku

Shoga yangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Huku wazima sote. Mama anakusalimu, anauliza picha ya nyumba mpya iko wapi. Kombo anaondoka Jumamosi kuja huko Muscat, ndiyo nimeona nikuandikie kwa mkono, maana zile sauti zako za saa tisa usiku zimenitia wasiwasi na jibu lake ni refu.

Umenambia mawili. Tangu uingie zamu za usiku usingizi umekuhama, na ule ushauri wangu wa kuita usingizi kwa harufu umeujaribu siku nne, umefukiza ubani chumba kizima, ukabaki macho unatazama feni. La kwanza limeniuma. La pili kosa ni langu, nilikupa nusu ya habari.

Nusu uliyoipata ni ya karafuu. Unaujua mwaka wangu wa kwanza wa digrii: skuli mpaka saa nane mchana, jikoni, watoto, kitabu nakifungua saa nne usiku na macho yanateleza juu ya mistari bila kuokota neno. Mwezi wa tatu, karafuu haziko juani, nikatia punje saba kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi nilichokiosha. Nikikaa kusoma nakifungua, navuta pumzi tatu, nikimaliza nakifunga. Wakati mwengine wowote sikigusi. Wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu. Halafu usiku mmoja nikavuta pumzi, mabega yakashuka yenyewe, mkono ukawa unatafuta kalamu.

Mimi karafuu ilinikuta njiani. Ilishanifundisha kutulia zamani, jamvini kwa bibi, tunachambua baada ya Isha. Unashika kikonyo, unazungusha kiganja, punje zinadondoka, vidole vinakuwa rangi ya hudhurungi na mafuta yanachoma pale ulipojikwaruza. Hakuna anayesema. Bibi anavuta tasbihi, kandili linanguruma. Kwa hiyo kichupa hakikuleta utulivu mpya, kiliita ule wa zamani.

Nusu ya pili sikukwambia kwa sababu ina mwezi wa baba ndani yake. Usiku kumi na moja nilikaa kwenye lile benchi la hospitali, na kichupa mkononi. Kila moyo ukienda mbio, nafungua, nanusa. Kilinisaidia, sikatai, siku mbili tatu za mwanzo. Tukamzika, Mungu amrehemu, matanga yakaisha, nikarudi kwenye meza yangu na kukifungua ili nisome. Hakikuja kitabu. Zilikuja kandambili za baba chini ya kitanda, moja imelala ubavu, na ile sabuni ya sakafu.

Na msimu ukaanza. Majamvi mpaka ukingoni mwa barabara, Wete yote karafuu, nikawa sina pa kukimbilia. Skuli karafuu, sokoni karafuu, dirisha nikifunga inapita. Nililia mpaka Bi Time akaja kuuliza.

Unamkumbuka Pavlov? Tumemsoma sote, wewe uuguzi, mimi ualimu. Yule Mrusi wa mbwa, Nobel yake ya 1904 alipewa kwa kazi ya mmeng'enyo wa chakula. Tulimkariri kwa ajili ya mtihani tukamwacha kwenye daftari. Mimi nimemrudia kwa machozi. Ishara inatangulia, chakula kinafuata, mara nyingi, mpaka mate ya mbwa yatoke kwa ishara peke yake. Ukiendelea kutoa ishara bila chakula, mate yanakauka. Sasa jitazame: siku nne ubani umetangulia, na kilichofuata ni kukesha. Mwili wako umeshaanza kujifunza kwamba ubani ni harufu ya kukesha. Haukukaidi, Zuhura, umefuata ulichoufundisha.

Na wewe unayajua haya kuliko mimi: habari za macho na za masikio hupitia kwanza kituo cha katikati ya ubongo, harufu haipiti hapo. Inaingia moja kwa moja jirani na hofu na kumbukumbu. Ndiyo maana naiheshimu sasa.

Kombo anakuletea kichupa cha mafuta ya langilangi. Shoga, usikifungue usiku utakaokipokea. Wala asubuhi ile unayotoka zamu na ugomvi wa wodini kichwani. Ngoja siku ya mapumziko, umeoga, umekula, kope zenyewe nzito. Hapo tia tone moja kwenye kitambaa, kiweke karibu na mto, uzime taa. Kwa siku nzuri tu, nyingi, kabla hujakiita siku mbaya. Na ukiona dakika ishirini zimepita bado uko macho, inuka, na kitambaa ukitoe chumbani, kisikushuhudie unahangaika. Ubani uache kwa wageni. Ikiwa wiki zinapita na hali ni hiyo hiyo, hapo ulipo madaktari wamejaa, mwambie mmoja.

Mimi nimehamia mchaichai. Mwezi mzima niliunusa barazani tu, na mama, tumeshasali, tumeshacheka, ndipo nikauleta mezani. Mbuzi wa Bi Time kaula mara mbili, nimeuzungushia makuti. Mtihani wa mwisho naingia na jani moja mfukoni.

Na karafuu, nilitaka nikwambie hili zaidi ya yote. Msimu huu nilikaa jamvini na mama, jioni baada ya jioni, tunachambua. Siku za mwanzo benchi lilikuja. Likawa linakuja kwa mbali. Juzi nimenusa kiganja changu, akaja bibi. Lakini baba naye alikuwepo, mzima, anapigia kelele watu waanue, mvua ile inakuja kutoka Mtambwe.

Sasa nijibu. Ukitoka zamu unalala saa ngapi hasa? Dirisha lina pazia zito au ile shela nyepesi ya kwenye picha? Yule mwenzako wa Tanga bado anawasha televisheni? Simu unalala nayo? Unakula nini kabla ya kulala, au ndiyo kahawa? Na hili lifikirie kabla hujaandika: kwenu, ulipokuwa mdogo, usiku mkilala, nyumba ilikuwa inanuka nini? Niambie hicho. Langilangi nimeibahatisha mimi tu, chako nitakutafutia, kikiwepo Pemba nitakipata.

Wako,
Mwanakhamis