Maombi ya Alhamisi, saa 3 usiku

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Nimesoma mahitaji yote mliyotuma. Kazi, ada za watoto, kiwanja, viza, biashara ichangamke. Tutayaombea, na asiwepo wa kuona aibu, maana Yesu mwenyewe alitufundisha kuomba riziki yetu ya kila siku. Ila sikuona hata mmoja aliyeandika, "Niombeeni nimsamehe dada yangu," au "Niombeeni nipate kiu ya Neno." Hilo limenigusa sana.

Kwa hiyo Alhamisi tutaanzia huko. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, lakini dua yake kwao (1:9-11) haigusi fedha wala minyororo yake. Anaomba pendo lao lizidi, katika ujuzi na ufahamu wote. Waefeso 3 anawaombea wawe imara katika utu wa ndani. Wakolosai 1:9-12 isomeni taratibu kabla hatujakutana. Pale kwenye "saburi ya kila namna na uvumilivu" mimi hukaa sana, maana ndipo wengi wetu tunapoishiwa nguvu: mkwe akisema neno, mshahara ukichelewa, mtoto akirudi nyumbani usiku wa manane.

Kila mmoja aje na jambo moja la moyoni: hasira, wivu, uchungu wa zamani, uzito wa kuomba. Kama ni la siri, nitumie mimi pembeni, halitatajwa.

Wenye wagonjwa, nyie tutawaombea kwanza kabisa. Mama Neema ataongoza nyimbo.