Picha za kunyakua hewani

Mhariri,

Mimi ni mpiga picha za harusi, Ngamiani, Tanga. Mpwa wangu karudi kutoka Guangzhou na simu mbili za aina moja. Akafungua picha ya bibi harusi, akakunja vidole mbele ya kioo kana kwamba anachuma embe, akaviachia mbele ya simu ya pili. Picha ikatua! Kamera husoma mkono tu. Picha yenyewe hupita kwenye mawimbi ya redio.

Kwenye simu yangu ya kampuni nyingine, kimya. Mwaka 1997 mtafiti Jun Rekimoto wa Sony alishahamisha vitu baina ya kompyuta kwa kalamu, na hadi leo kampuni za simu hazijaelewana? Waelewane.

Tena sisi wa pwani huongea kwa mikono. Nilikuwa namtajia mteja bei, nikafumba kiganja, simu ya mpwa ikadhani nanyakua.

Mpiga picha,
Tanga