Kelele ya adapta mliyoniuzia pamoja na redio ya wati 5

Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bi,

KUH: ADAPTA YENYE KELELE NA MAJIBU YA FUNDI WENU

Miezi miwili iliyopita nilinunua dukani kwenu redio ya mawasiliano ya ridhaa, yaani ya kuzungumza hewani kwa kujifurahisha, ya wati 5, pamoja na adapta yake ya volti 12. Redio yenyewe sina neno nayo. Ninalalamikia adapta, na zaidi ya adapta, jinsi nilivyojibiwa nilipopiga simu.

Tangu siku ya kwanza nilisikia mvumo mzito katika bendi ya mita 20, yaani masafa ya kuanzia megahezi 14, na kila nikizungusha kitufe cha masafa kidogo mvumo ule unazidi, unapungua, kisha unazidi tena. Mita ya S, ile sindano ya redio inayoonyesha nguvu ya kinachopokelewa, ilikaa kwenye S7 usiku na mchana. Nilidhani ni antena. Nikapanda darini, nikashusha waya wote wa mita 10, nikakata ncha zilizoliwa na chumvi ya bahari, nikaunga upya kwa risasi. Jua la saa saba lilinichoma shingo, na mvumo haukupungua hata kidogo.

Fundi wenu aliniambia hivi: redio ya wati 5 ni ndogo, utasikia nini nayo, ongeza pesa uchukue ya wati 100. Sikukubaliana naye siku ile, na leo naandika sababu zangu ili zisomwe na mtu mwenye mamlaka.

Wati ni nguvu ya kurusha. Hazihusiani na kusikia. Hata ningekuwa na wati 100, mvumo ule ungebaki palepale masikioni mwangu, na anayenijibu kutoka mbali ningemkosa vilevile. Tena tofauti yenyewe si kubwa kama anavyodhani: kutoka wati 5 hadi wati 100 ni desibeli 13, kipimo cha kulinganisha nguvu mbili. Kila hatua moja ya mita ya S huhesabiwa desibeli 6, kwa hiyo anayenisikiliza ataona sindano yake imepanda hatua mbili na kidogo tu. Watu wanazungumza ng'ambo ya bahari kwa wati 5 na chini ya hapo, kwa Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, kila siku.

Sasa niwaeleze nilivyompata mkosaji. Usiku mmoja baada ya isha nilizima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kubwa, nikaunganisha redio na betri ya pikipiki. Sindano ikaanguka kutoka S7 hadi S1. Nikarudisha umeme, kila kitu kimezimwa isipokuwa redio iliyo kwenye betri, nikachomeka adapta peke yake ukutani bila kuiunganisha na redio. Sindano ikarudi S7. Hatua sita hizo ni desibeli 36, yaani kelele iliyozidi mara elfu nne hivi. Nikachukua redio ndogo ya mama ya kushika mkononi, nikaiweka mahali pasipo na stesheni na kuisogeza karibu na adapta. Ilipofika kama shubiri moja ilinguruma hadi mama akauliza kutoka jikoni kuna nini.

Kisha nikasikiliza megahezi 14.100. Hapo vinara 18, yaani vituo vya redio vya kupimia usikivu, vilivyotawanyika duniani hupokezana zamu, sekunde 10 kila kimoja, na chetu cha Kenya, kinachojiita 5Z4B, kimo katika orodha hiyo. Kila kinara hutaja jina lake kwa wati 100, halafu hutoa milio minne mirefu: wa wati 100, wa 10, wa 1, na wa mwisho sehemu moja ya kumi ya wati. Nikitumia betri, kinara cha Afrika Kusini nilikisikia mpaka mlio wa wati 1. Wati moja, kutoka kule hadi darini kwetu! Nilipochomeka adapta sikusikia hata ule wa wati 100. Fundi angekaa kando yangu dakika tatu tu, asingenishauri kuongeza pesa.

Naomba mambo mawili. Kwanza, mnibadilishie adapta hii kwa ile nzito yenye transfoma, au mnirudishie bei yake. Pili, muache kuwaambia wateja kwamba shida ni uchache wa wati kabla hamjapima kelele. Wanaoanza huja kwenu na akiba kidogo, na wakijibiwa hivyo wataiacha kazi hii nzuri wakiamini redio zao hazifai.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya kupata bidhaa yenye ubora wa kuridhisha, na ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Nikikosa jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka suala hili kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, iliyonipa leseni yangu.

Adapta nimeirudisha katika boksi lake pamoja na risiti. Nitaileta kaunta Jumatatu asubuhi. Tafadhali fundi awepo, kwani nitakuja pia na ile redio ya mama ili asikie mwenyewe.

Wenu mwaminifu,
Mteja wenu wa Mji wa Kale