Harambee: Tupate Mtu wa Kuwajibu Watoto Wetu

Salamu kwenu nyote, majirani wa Likoni, na nyinyi ndugu zetu mlioko Nairobi, Doha na Maskati ambao harambee za mtaa huu hamjawahi kuzipa mgongo. Safari hii tunamchangia mshauri wa kuwajibu vijana wanaobanwa na kutishwa na wapenzi wao kwa simu.

Juzi kwenye feri nilisimama karibu na msichana aliyevaa sare ya shule. Simu yake ikalia, akaipokea kwa video, na kabla hata ya salamu akaanza kuizungusha: kushoto, kulia, nyuma, mpaka chini kwenye viatu. Nikadhani anamwonyesha mtu bahari. Kumbe anaonyesha nani kasimama karibu naye. Sauti ya mvulana ikauliza, "Na huyo mama ni nani?" Huyo mama ni mimi. Msichana akacheka kwa haya, akaniambia, "Ana wivu tu, mama. Ananipenda."

Wengi wetu tumelelewa na maneno hayo hayo. Tofauti ni kwamba zamani ukishafika kwenu na mlango ukafungwa, umepumzika. Hawa wanalala na simu chini ya mto. Binti anadaiwa nywila, anaulizwa alikuwa hewani na nani saa sita usiku, anaambiwa afute namba za wavulana wote wa darasa. Akigoma, anatishiwa kwamba ile picha aliyomtumia mwaka jana itarushwa kwenye kundi. Wavulana nao yanawafika, ila wao ni wagumu zaidi kusema.

Januari 27, 2024, maelfu waliandamana Nairobi, Mombasa na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Wito ule ulisambaa kwa simu, na mabinti zetu waliuona kabla yetu. Ndipo kikundi chetu kikasema: ikiwa vijana wako TikTok na kwenye stetasi za WhatsApp, tuwafuate huko huko.

Tukajaribu kwa simu ya kuazima. Video ya dakika moja na nusu, vijana wetu wawili waliokwisha timiza miaka 18 wakiigiza chini ya mwembe: mvulana anadai nywila, msichana anakataa. Sauti ilikuwa mbovu, na bodaboda ilipita pale pale penye neno lenyewe. Hata hivyo usiku ule ujumbe ukaanza kuingia. Mmoja ulikuja saa saba na dakika kumi: "Na kama picha ashakuwa nazo?" Mwenye simu alikuwa amelala. Asubuhi akajibu, "Pole dada, muombe Mungu." Yule mtoto hakuandika tena.

Kosa ni letu, na bado linatuuma. Tuliwaita watoto waseme, waliposema tukawa hatuna la kuwaambia, na la kuwaambia lilikuwepo. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandaoni inasema anayesambaza picha ya faragha ya mwenzake anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miaka 2, au vyote viwili. Tungemwambia asifute vitisho bali avipige skrinshoti, asitume picha nyingine wala pesa, apige 116, namba ya msaada kwa watoto ambayo haina malipo, na kwamba tuna mtu mzima wa kwenda naye dawati la jinsia kituo cha polisi. Na aliyeingiliwa kwa nguvu afike hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zikicheleweshwa kupita hapo hazifai tena.

Kwa hiyo msishangae mkiona fungu kubwa haliendi kwenye kamera. Tunahitaji shilingi 150,000 za miezi 10. Kati ya hizo, 80,000 ni posho ya mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, wa kukaa na simu ya kikundi jioni mbili kila wiki. Usiku na siku nyingine, anayeandika atapata jibu la papo hapo lenye ile namba ya 116. Simu yenyewe ni 28,000, maikrofoni mbili za kubana kwenye nguo 6,000, bando 20,000. Zinazobaki, 16,000, ni nauli ya kumsindikiza mtoto hospitali au polisi, na chai yake akisubiri foleni. Wanachama tumeshatoa 31,500. Pengo ni 118,500.

Kuna mzee wetu mmoja aliuliza kikaoni, "Mtoto wa shule na mapenzi wapi na wapi? Si mnawafundisha nyinyi?" Mzee wangu, kwa heshima zote, walishafundishwa, na mwalimu hatukumchagua sisi. Ila hofu yake moja tumeikubali: hatutaonyesha sura ya mtoto aliyeumizwa wala kusimulia kisa chake, hata kwa jina la kubuni. Likoni ni ndogo, watu hujumlisha.

Tukutane Jumamosi ijayo saa nane mchana kwenye ukumbi wa mtaa. Mahamri na mbaazi yapo, akina mama wameshajitolea. Mlio mbali, namba ya mweka hazina imeandikwa kwenye kadi mliyotumiwa. Tumeni chochote, hata cha bando la siku moja. Hesabu itabandikwa mlangoni Jumatatu, jina na kiasi, na asiyetaka jina lake lionekane atuambie mapema. Kadi zote zirudishwe, hata zilizo tupu.