Amplifaya za zamani zinatosha studio ndogo, zikikaguliwa

Mhariri,

Vijana wengi wenye studio za chumbani wana kompyuta na saundi kadi nzuri, wanarekodi vizuri, halafu wanamiksi kwa sabufa ya Bluetooth. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Sabufa imetengenezwa kupendezesha: inapandisha besi na kung'arisha sauti za juu. Prodyuza anasikia besi imezidi, anaipunguza, na wimbo ukipigwa kwenye gari unasikika mwembamba kama wa simu. Akiuliza, anaambiwa anunue spika mpya za studio, ambazo hazimudu. Ipo njia nyingine: amplifaya na spika za sebuleni za miaka ya 1970 na 1980, zinazouzwa mtumba au zilizolala stoo za wazee wetu.

Anayedhani huku ni kubabaisha akumbuke Yamaha NS-10M. Ilitoka mwaka 1978 kama spika ya nyumbani, mafundi wa studio wakaichukua, ikakaa juu ya meza za kumiksia dunia nzima hadi ilipoacha kutengenezwa mwaka 2001. Haikupendwa kwa utamu. Boksi lake limefungwa, besi haiendelei kuvuma pigo likishakwisha, na kasoro za sauti ya mwimbaji hazijifichi. Siku hizi inauzwa ghali kwa sababu ya jina, kwa hiyo usiihangaikie. Tafuta sifa zake: spika moja ya besi ya inchi 6 hadi 8, twita moja (spika ndogo ya sauti za juu), boksi la mbao lisilo na tundu. Yale maboksi ya plastiki yenye kibandiko cha wati elfu yaache yalipo. Wati hizo zipo kwenye kibandiko tu.

Ukiwa dukani, gusa ukingo wa koni kwa kidole. Ukingo wa sponji huoza hata kama spika haikutumika, na ukivunjika kama keki kavu, dai punguzo kubwa au ondoka. Wa mpira au wa kitambaa hudumu. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inagusa sumaku. Pima kwa mita ya fundi (multimeter) ikiwa kwenye omu: spika ya omu 8 husoma karibu 6, ya omu 4 husoma kati ya 3 na 3.5. Isiposoma kitu, kuna waya uliokatika, mara nyingi kwenye koili. Twita ipime peke yake, maana kapasita iliyo mbele yake huzuia mita isiione.

Upande wa amplifaya, soma kwanza nyuma yake. Mashine zilizouzwa Japani ni za volti 100 na za Marekani ni 120. Ukizichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230, zinaungua. Wati 20 hadi 40 kila upande zinatosha kabisa kwa chumba.

Usiiwashe moja kwa moja. Unganisha balbu ya wati 60, ile ya zamani ya waya unaowaka, mfululizo na waya wa moto, bila spika. Balbu ikiwaka ghafla kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inang'aa, ndani kuna shoti, na balbu imekuokolea transfoma.

Ikishapita hapo, iwashe kawaida, sauti ikiwa sifuri, uiache dakika kumi. Weka mita kwenye volti za DC na upime matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikizidi 100, itengenezwe kwanza. Ukikuta volti kamili, tuseme 30, transista ya mwisho imekufa, na spika yoyote utakayoifunga itaungua koili ndani ya sekunde chache. Wengi huruka kipimo hiki, kisha wanalaumu spika.

Ugonjwa mwingine unaowachanganya mafundi ni upande mmoja kunong'ona, halafu kurudi ukiongeza sauti. Mara nyingi ni rilei ya kulinda spika, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ile inayolia "tik" sekunde chache baada ya kuwasha. Vidole vyake vimeota kutu. Safisha kwa dawa ya kusafishia kontakti na kipande cha karatasi ngumu, au weka rilei mpya ya volti ileile. Vitasa vinavyokwaruza navyo vinataka dawa hiyo hiyo. WD-40 ya kawaida si dawa ya potenshiometa, yaani kipuri kilicho nyuma ya kitasa.

Ukifungua kifuniko, chomoa umeme na ukaushe kapasita kubwa kwa rezista ya omu 100, wati 5, si kwa bisibisi. Angalia pia gundi iliyopakwa kushikilia vipuri katika baadhi ya mashine za Kijapani. Ilikuwa na rangi hafifu. Ikishageuka kahawia inakula miguu ya vipuri na kupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Ikwangue yote. Kapasita utakazobadilisha ziwe na mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na za kuvumilia joto la nyuzi 105.

Kuunganisha: tumia matundu ya AUX, TUNER au TAPE, kamwe si PHONO, ambayo hupandisha besi kwa ajili ya santuri. Kwenye jeki ya stereo (TRS) ya kila tundu la kutolea sauti la saundi kadi, ncha iende pini ya katikati ya RCA, ile plagi ya duara inayoingia AUX, mwili uende kwenye ganda lake, pete ya kati iachwe wazi. Zima LOUDNESS, besi na trebo ziwe katikati. Saundi kadi hutoa sauti kubwa kuliko amplifaya hizi zilivyozoea, hivyo kitasa kitabaki chini kabisa, mahali ambapo kushoto na kulia havilingani. Weka rezista mbili kila upande: kilo-omu 10 mfululizo na waya wa sauti, kisha kilo-omu 1 kutoka hapo kwenda kwenye ganda la RCA. Sauti itashuka takriban desibeli 20 na kitasa kitapanda karibu na katikati. Na mashine ikivuma, usikate waya wa ethi wa umeme; chomeka vyombo vyote kwenye soketi moja.

Mwisho ni chumba, nacho ndicho kinachopuuzwa. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu ya mita 1.2 kila upande, twita usawa wa masikio, mbali na kona. Trei za mayai ukutani hazizuii besi. Sufi ya madini (rockwool) yenye unene wa sentimita 10 pembeni na nyuma yako inasaidia. Boksi dogo lililofungwa halitakuonyesha vizuri kilicho chini ya hezi 60, kwa hiyo kiki na besi zikague pia kwa hedifoni kabla ya kutuma kazi.

Fundi redio,
Temeke, Dar es Salaam